Mwamba wa Kumi na Tatu

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nimeitafuta sana kwenye ramani nisiione, kwa hiyo asitokee mtu akanijia juu kwamba nimemsema yeye, au shemeji yake, au wizara yake. Ilikuwa nchi ya watu wazuri tu, wenye utaratibu, na kitu walichokipenda kuliko vyote kilikuwa orodha. Walikuwa na orodha ya ndege, orodha ya mito, na orodha ya magonjwa ambayo mtumishi wa umma anaruhusiwa kuugua. Walikuwa pia na orodha ya miamba.

Miamba ya nchi hiyo ilikuwa kumi na miwili. Msiniulize nani aliihesabu. Mikoa ilikuwa kumi na miwili, na ule mwaka wa Waraka wa Miamba ikaonekana si vizuri mkoa mmoja ukose mwamba na mwingine uwe nayo mitatu, watu wasije wakaanza kununiana. Basi kila mkoa ukagawiwa mwamba wake, ngoma zikapigwa, mambo yakaisha. Na ikitokea fundi wa kuchoronga visima akakutana huko chini na jiwe lisilokuwemo kwenye orodha, Waraka ulimwelekeza la kufanya: aandike "jiwe la kawaida", aendelee na kazi.

Mafundi wote waliandika hivyo, isipokuwa mmoja. Huyo aliitwa Mbaruku Kitwana, mtu mpole, mrefu, asiyejua kubishana. Alikuwa anachoronga kisima namba tisa kwenye Uwanda wa Mlimbo, akafika futi mia tatu na kumi, akatoa vipande vya jiwe, akaviosha, akavitazama. Kisha akaandika kwenye daftari lake kwa penseli: "Mawe yaliyopasuka vipande vipande yakashikana tena. Katikati yake kioo cheusi. Sijapata kuona kitu kama hiki."

Mkurugenzi wa wakati ule alimwita ofisini, akamwomba afute. Mbaruku akasema amekiona. Ikaundwa kamati, kamati ikala, ikanywa, ikatoa uamuzi ambao mimi kwa kweli siwezi kuupinga, maana hesabu zake zimenyooka: miamba ya nchi ni kumi na miwili, Fundi Mbaruku amepata kumi na mitatu, na mtu anayehesabu vitu kumi na viwili akapata kumi na vitatu amelewa. Akafukuzwa kazi kwa ulevi. Mbaruku huyo ambaye hata togwa ikishalala haigusi.

Lau yangeishia hapo. Lakini katika nchi ile kulikuwa na Orodha ya Nidhamu, na kila mwaka, kwenye baraza la kata, mtendaji aliisoma kwa sauti ili wananchi wajifunze. Walisomwa waliofukuzwa kazi wote, walio hai na waliokufa, kwa sababu kufa hakukuwa sababu ya kutolewa kwenye orodha. Anayetaka kutolewa alitakiwa aje mwenyewe aombe. Mbaruku alipokuwa hai hakuomba, na mwaka wa sita baada ya kufukuzwa akafa, kwa hiyo hakuja. Mkewe, Bi Mosi, ndiye aliyekuja. Kila mwaka alivaa kanga yake safi, akakaa kiti cha mbele, akasikiliza: "Mbaruku Kitwana, ulevi kazini." Miaka arobaini na mmoja. Watoto wa mtaani waliiita nyumba yake kwa Mlevi, na posa mbili za binti yake zilikatikia njiani kwa ajili ya jina hilo.

*

Binti mwenyewe ni Sikitu. Baba yake alipofukuzwa alikuwa na miaka kumi. Alipokua akaenda kuomba kazi Idara ileile ya Miamba, watu wakamshangaa, wakasema huyu hana haya. Alitaka masijala, kwa sababu daftari la baba yake lilikuwa masijala. Akapewa ukarani, akakaa miaka kumi na tisa chumba cha nje akigonga mihuri, maana ufunguo wa chumba cha ndani ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa bado hajastaafu. Siku alipostaafu, Sikitu aliingia ndani asubuhi, akatoka saa sita macho mekundu, akasema ni vumbi.

Mama yake alikuwa amemwomba kitu kimoja tu. Alikwisha kuwa mtu mzima sana, kifua kinambana akitembea, na alimwambia bila kuzunguka: "Kabla sijafa, mwanangu, nataka mwaka mmoja tu waisome ile orodha wamruke."

Basi Sikitu akashika kazi. Daftari la baba yake lilikuwa neno la mtu mmoja, na mtu huyo alikwisha kuitwa mlevi kwa muhuri. Akaona atafute wenzake. Akayatoa kwenye makabati madaftari yote ya Uwanda wa Mlimbo, visima sitini na viwili, vingine vya miaka ambayo hata gundi ya karatasi ilikwisha liwa na mende. Saa ya chakula, wenzake wakiwa kantini, alitandaza sakafuni ramani ya zamani ya uwanda, akatoa kwenye mkoba mahindi na maharage aliyotoka nayo nyumbani. Kila kisima ambacho fundi alitaja mwamba mmojawapo kati ya kumi na miwili aliweka punje ya harage. Kila palipoandikwa "jiwe la kawaida" aliweka hindi.

Ilimchukua wiki tatu, kwa kuwa kila ikifika saa nane ilibidi azoe nafaka zake na kuanza upya kesho yake. Siku ya kumaliza alipanda juu ya kiti akatazama chini. Mahindi yalikuwa duara. Duara kabisa, maili kumi na moja toka upande huu hadi upande ule, na ndani yake hakuna harage hata moja. Alipopima vina alivyoviandika pembeni, akakuta jiwe la kawaida la ukingoni liko juujuu, na la katikati liko mbali sana chini, kama bakuli lililofukiwa. Mafundi wa nchi nzima walikuwa wameagizwa wasiseme kitu, wakatii, na kutii kwao kukachora mpaka wa kile kitu vizuri kuliko mpimaji yeyote.

Rafu ya juu kulikuwa na kitabu cha miamba kilichoachwa na mgeni mmoja zamani, hakijafunguliwa kwa sababu hakikuwa na muhuri. Sikitu alikisoma. Humo akakuta habari za kimondo, jiwe kubwa kama mlima linalotoka angani, likipiga ardhi linaipasua na kuiyeyusha, mwamba ulioyeyuka unapoa ukawa kioo, na miaka mingi baadaye mchanga unakuja kulifunika shimo watu wasijue. Aliusoma ukurasa huo mara nne. Baba yake alikuwa ameueleza ukurasa huo wote kwa sentensi tatu, tena kwa penseli.

Akaenda kwa Fundi Chande, mmoja wa waliofanya kazi na baba yake, aliyekuwa ameandika "jiwe la kawaida" mara sita. Alimkuta uani anaziba pancha ya baiskeli. Sikitu akamwamkia, akamwambia alichokiona. Mzee hakukana. Alisema wote walikiona kile kioo, walikuwa wakionyeshana vipande wakati wa chai, kisha wanafuta mikono wanaandika kawaida, kwa sababu walikuwa na watoto. Sikitu akamwambia na Mbaruku pia alikuwa na watoto. Fundi Chande aliuzamisha mpira kwenye beseni la maji akawa anatafuta tundu, na povu lilikwisha toka zamani, mtu yeyote angeliona, lakini yeye aliendelea kutafuta.

*

Sikitu akaandika taarifa. Utaratibu ulitaka ijazwe Fomu ya Shimo, ambayo iliuliza mambo matatu: shimo limechimbwa na nani, kwa kibali gani, na litafukiwa lini. Akajaza: limechimbwa na kimondo, hakikuwa na kibali, limeshafukiwa. Fomu ikarudi kwa kuwa mchimbaji hakutoa anwani. Akaandika mbinguni. Ikarudi tena, haina sanduku la posta.

Mara ya tatu aliitwa na Mkurugenzi, Bwana Ngwembe, mtu mstaarabu sana, aliyekuwa akitoa pole hata anapomnyima mtu likizo. Alimweleza kwa huzuni kwamba nchi yao haina shimo. Wimbo wa taifa unasema "nchi yetu iliyonyooka", na kama kweli kuna shimo la maili kumi na moja, maana yake tangu uhuru watoto wa shule wanasimama kila asubuhi kuimba uongo, na je, Bi Sikitu yuko tayari kulibeba hilo? Sikitu hakuwa tayari kulibeba. Taarifa ikawekwa kwenye trei, ikakaa miezi minane, na kila jioni Bi Mosi alimuuliza wamesemaje, naye akamjibu wanashughulikia.

Kisha nchi jirani ikatangaza kwamba imepata shimo la kimondo.

Jamani, pakachafuka. Watalii walimiminika kwa jirani, wakuu wa mataifa wakawa wanapelekwa ukingoni kupigwa picha wakitazama chini, na mmoja wao, kwenye dhifa, akamuuliza Rais kwa nia njema kabisa, la kwenu liko wapi? Kesho yake ikaundwa Tume ya Kulikubali Shimo, wajumbe arobaini. Taarifa ya Sikitu ikakung'utwa vumbi. Jambo la kwanza walilolikuta ni kwamba kimondo kiliingia nchini bila ruhusa, na Tume haikuweza kuendelea na kikao hali ikiwa hivyo. Kikaandikiwa kibali cha kuingia, kikarudishwa nyuma miaka milioni hamsini, na muhuri wa tarehe ulisumbua kidogo kwa sababu tarakimu zake za mwaka zilikuwa nne tu.

Waziri wa Miamba akapanda helikopta. Alizunguka juu ya Uwanda wa Mlimbo dakika kumi, akatazama chini kwenye mchanga na mbuzi, akasema, "Naliona." Shimo lilikuwa limelala chini ya mchanga futi mia tatu, lakini jicho la uongozi si kama langu na lako. Aliposhuka alihutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "kimondo kilikuwa na dunia nzima ya kuchagua. Kilipita juu ya bahari hakikuanguka. Kilipita juu ya majirani zetu, wakakinyooshea mikono, hakikuanguka. Kikaja kwetu. Hii ni imani kubwa tuliyopewa, na Serikali inaahidi itailinda imani hiyo ili vimondo vingine navyo vivutiwe kuja."

Watu walipiga makofi mpaka mbuzi wakakimbia. Palepale ikatangazwa kwamba miamba ya nchi sasa ni kumi na mitatu, na wa kumi na tatu umepewa jina la Mheshimiwa Waziri.

Sikitu alikuwa amesimama nyuma na faili lake kifuani. Sitawadanganya, alifurahi. Aliona hesabu imekaa sawa: kama miamba ni kumi na mitatu, basi baba yake alihesabu vizuri, na aliyehesabu vizuri hakulewa. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake wamelikubali. Bi Mosi akasema leo apikiwe ndizi, anasikia njaa.

*

Bwana Ngwembe alimwita baada ya siku nne. Alimpa kiti, akamwagizia chai, akampa pole kabla hajasema ya nini.

"Mheshimiwa Waziri ndiye wa kwanza kuliona shimo," alisema. "Sasa, Bi Sikitu, mtu wa kwanza hawezi kuwa ametanguliwa."

Akaeleza taratibu. Madaftari ya mafundi wengine hayakuwa na tatizo, maana hao walikuwa hawajaona kitu. Tatizo ni daftari moja, sentensi tatu. Lakini Tume ilikuwa na huruma, ilimfikiria marehemu na ilimfikiria mjane. Palipoandikwa mambo ya kioo cheusi pataandikwa "jiwe la kawaida". Hapo mzee atakuwa amehesabu kumi na miwili kama wenzake. Aliyehesabu kumi na miwili wakati miamba ni kumi na miwili hakuwa mlevi, na jina lake litafutwa kwenye Orodha ya Nidhamu mwaka huuhuu. Kilichotakiwa ni saini ya mrithi.

"Na alichokiona?" Sikitu aliuliza.

"Atakuwa hakukiona," alisema Bwana Ngwembe, na nadhani kweli alikuwa na huruma, kwa sababu alimsogezea sukari.

*

Bi Mosi alikuwa anachambua mchele. Sikitu alikaa chini kwenye mkeka, akamweleza yote, akamwonyesha fomu. Kalamu alikuwa nayo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kwenye ungo, kisha ikasimama.

"Baada ya ile barua ya kufukuzwa," alisema, "nilikuwa namnusa."

Sikitu hakuelewa.

"Baba yako. Akirudi nyumbani, namnusa mdomo. Nilijua hanywi, tangu ananioa hanywi, lakini barua ilikuwa na muhuri, Sikitu, nikasema huenda. Siku za mwanzo najifanya namvua kofia. Baadaye akajua. Ikawa akifika mlangoni anafungua mdomo mwenyewe kabla sijasema neno, anasimama hapo, anangoja nimalize ndipo aingie nyumbani kwake. Miaka sita. Hakuwahi kunikaripia."

Alifuta macho kwa ncha ya kanga. Sikitu akamshika mguu.

"Na kabla ya barua," Bi Mosi aliendelea, "walimwita mara tatu wakampa raba. Nilimpigia magoti humu ndani, nikamwambia futa, Mbaruku, tuna watoto. Akaniambia, Mosi, nimekiona, nitafutaje? Mtu alikataa yuko hai, ana watoto wa kulisha, mkewe analia miguuni pake. Leo amelala ndio nimfutie mimi?"

"Lakini mama, wewe ndiye uliyeomba wamruke."

"Niliomba. Nimeghairi." Akaushika tena ungo. "Sasa najua hakulewa, na duara umeliona kwa macho yako. Waache wasome. Mwaka huu nitakaa mbele palepale niwasikilize, na nitajua ninachokisikia."

Kesho yake Sikitu aliirudisha fomu. Haikuwa na mahali pa kukataa, kwa hiyo aliandika pembeni, kwa herufi kubwa, kwamba familia inakataa. Bwana Ngwembe akaipokea kwa mikono miwili. Sasa, fomu ile ilikuwa na kifungu cha saba, kilichosema mrithi asiyesaini atahesabiwa amekubali kwa furaha, na maandishi ya pembeni ni mapambo. Karani wa chumba cha tatu alipewa raba na kalamu ya wino. Kazi yenyewe haikufika hata muda wa kuchemsha chai. Barua ya kuijulisha familia ilitumwa kwa mhusika mwenyewe, Bwana Mbaruku Kitwana, ambaye hakuipokea.

*

Siku ya baraza, Bi Mosi alivaa kanga mpya. Alikataa kushikwa mkono. Alitembea mwenyewe akipumzika kila baada ya nyumba mbili, akafika, akakaa kiti cha mbele, shingo ameinyoosha. Sikitu hakuwahi kumwona amekaa hivyo. Miaka yote alikuwa akitazama miguu yake.

Mtendaji wa kata alifungua karatasi akaanza kusoma, kwa kufuata alfabeti, kama ilivyo ada. Akafika herufi ya M. Akamsoma Maulidi Sengo, kupoteza muhuri. Akamsoma Mazige Tenga, kusinzia kwenye semina ya kuwa macho. Bi Mosi akajiweka sawa kwenye kiti. Mtendaji akamsoma Mbegu Saro, kucheka msibani kwa kiongozi, akaendelea na N.

Bi Mosi alidhani amepitiwa, atarudi. Alingoja. Orodha ikafika mwisho, karatasi ikakunjwa.

"Hajasomwa," alimwambia Sikitu kwa sauti ndogo. "Nenda kamwambie amemruka."

Sikitu alikwenda. Mtendaji alimkunjulia karatasi kwa tabasamu, akamwonyesha kwa kidole: Mazige, halafu Mbegu. Katikati yao hapakuwa na hata nafasi. Sikitu akauliza daftari, je, nalo? Mtendaji akasema yote yamerekebishwa, kila kitu sasa ni kawaida. Kisha akageukia watu, akawatangazia habari njema, kwamba Serikali kwa huruma yake imeona kwamba Fundi Mbaruku hakuwa mlevi, alikuwa mtu kama watu wengine, hakufanya kitu na hakuona kitu. Vigelegele vikapigwa.

Majirani wakainuka. Wale waliokuwa wakiiita nyumba yake kwa Mlevi walikuwa wa kwanza, na walifurahi kikweli, sikatai, wengine walikuwa na machozi. Wakapanga mstari mbele ya kiti cha Bi Mosi kumpa mkono. Sikitu alirudi akasimama nyuma ya mama yake akamwekea mkono begani. Bi Mosi hakuinuka. Aliinamisha kichwa, akajifunika kanga mpaka usoni, akatoa mkono wake nje, mtu mmoja baada ya mwingine akaushika.

"Hongera, Bi Mosi," walimwambia.

"Ahsanteni," aliwajibu kila mmoja. "Nimeshapoa."